Napoli au Bologna? Kauli ya Mlaji Mwenye Mfuko Mwepesi

Mwanafunzi wa Kiswahili akibahatika kufika Italia, huenda akajikuta Napoli. Huko ndiko alikofundisha marehemu Profesa Elena Bertoncini Zúbková, katika Chuo Kikuu cha "L'Orientale", na jina lake halihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyesoma historia ya fasihi yetu. Sasa tuseme shughuli za kitaaluma zimekwisha na zimesalia siku tatu za kula na kutembea. Je, mgeni huyu abaki papo hapo au apande treni ya kasi, saa tatu na nusu hivi, hadi Bologna? Wenzangu wengi hujibu "Bologna" bila ya kusita. Mimi nashikilia Napoli.

Sikusudii kuibeza Bologna. Waitalia wenyewe wameupa mji huo lakabu ya "mnene", na unene huo haukuja kwa bahati nasibu. Nchi inayouzunguka ni ya ngano, nguruwe, siagi na jibini. Tambi za huko hukandwa kwa mayai, zikasukumwa hadi zikawa nyembamba kama kitambaa. Tortellini, vile vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama ndani, huelea katika supu safi iliyochemshwa kwa saa nyingi. Isitoshe, chuo kikuu chake kinahesabu umri wake tangu 1088. Msomi atakosaje kuvutiwa?

Lakini Bologna ni mji uliosanifisha chungu chake. Mnamo 1972 kipimo cha tambi bapa ziitwazo tagliatelle kiliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo: upana wa milimita 8 zikishaiva, na sampuli yake ni ya dhahabu. Mwaka 1982 mapishi ya mchuzi wao wa nyama yakasajiliwa papo hapo, yakaja kurekebishwa 2023. Sisi tunaoikumbuka Mombasa ya 1928, Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na Kimvita kikaachwa mlangoni, tunajua faida ya usanifishaji. Tunajua pia kwamba kamusi haikuonyeshi watu wanavyozungumza sokoni. Chakula cha Bologna huliwa nyumbani, au mkahawani penye kitambaa mezani na ada ya kukalia kiti. Mgeni asiye na mwenyeji atakula vizuri, atalipa, kisha ataondoka bila ya kumwona mpishi.

Mtu ataniambia kwamba Napoli nayo ina sheria zake. Naam, tangu 1984 kipo chama kinacholinda piza ya asili: unga, maji, chumvi na hamira, tanuri lenye joto la karibu nyuzi 485, sekunde 60 hadi 90, basi. Tofauti ni kwamba sheria hizo hutekelezwa mbele ya macho yako. Tanuri liko wazi, mwokaji anatoa jasho na kupiga domo kwa Kinapoli, nawe umesimama unangoja zamu yako. Ufundi huo ndio ulioingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya turathi zisizoshikika. Piza hukunjwa mara nne ikaliwa kwa mkono, njiani, na mwanafunzi na wakili bega kwa bega.

Tena ni chakula kilichozaliwa na dhiki. Matilde Serao, mwandishi wa riwaya na mwanahabari, aliandika juu ya tumbo la mji huo mwaka 1884, kipindupindu kilipokuwa kinawaangamiza maskini wake, na piza ya senti chache imo humo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilienea piza ya kukaangwa, ambayo mteja aliweza kuila leo akailipa baada ya siku nane. Iko pia desturi ya kulipia vikombe viwili vya kahawa ukanywa kimoja; cha pili kinamngoja asiye na kitu. Mchambuzi wa fasihi anayetafuta jamii ndani ya sahani ataipata hapa.

Liko jambo jingine ambalo wanaoisifu Bologna hawaligusi. Wanachama wetu wengi ni Waislamu. Mortadella ni nguruwe, tortellini zina nguruwe, na mchuzi ule wa nyama hutiwa nguruwe pia. Napoli nayo si salama kote: piza ya kukaangwa mara nyingi hujazwa vipande vya nguruwe, na baadhi ya vitobosha hukandwa kwa mafuta yake, kwa hiyo uliza kwanza. Lakini piza ya marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni tu. Hata samaki hamna, licha ya jina lake la kibaharia. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote.

Kwa hiyo Bologna naiachia mwenye mwenyeji: mtu atakayekaribishwa jikoni Jumapili, akaonyeshwa unga unavyosukumwa. Huyo na aende upesi. Ila asiagize ile "spageti ya Bolonyezi" tunayouziwa katika hoteli za Nairobi. Bologna haiijui, mchuzi wao huliwa na tagliatelle.