Mkono wa Mtoto Si wa Mtu Mzima

Muhula wa michezo ya shule ukianza, wazazi huniletea watoto wanaolalamikia goti, kisigino au bega. Swali huwa lile lile: "Daktari, si haya ni maumivu ya kukua tu?" Jibu langu ni kwamba kukua hakumfanyi mtoto achechemee. Kinachomchechemeza mara nyingi ni kupewa kazi ya mtu mzima.

Nchini Marekani somo hili lilichukua karibu miaka 70. Mnamo mwaka wa 1939, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, bwana mmoja aitwaye Carl Stotz alianzisha ligi ya besiboli ya watoto wa mtaa, ikiwa na timu tatu tu. Besiboli ni ndugu ya ule mchezo wa raunda ambao wasichana wetu hucheza shuleni. Stotz aliona kwamba uwanja wa watu wazima ni mkubwa mno kwa mtoto, akaupunguza. Badala ya kukimbia futi 90 kutoka kituo kimoja hadi kingine, watoto walikimbia 60. Ligi hiyo, Little League, ilienea ulimwenguni.

Uwanja ulipunguzwa, lakini kazi ya mkono haikupunguzwa vya kutosha. Mtoto anayerusha mpira hurusha kwa nguvu zake zote, tena na tena. Mfupa wake bado una sehemu ya gegedu karibu na kiungo, ambapo ndipo unapokulia. Misuli na kano huivuta sehemu hiyo kila mpira unapotoka mkononi, nayo ni dhaifu kuliko kano zenyewe. Hatimaye huvimba, hupanuka, na wakati mwingine hubanduka. Mwaka 1960 madaktari Brogdon na Crow waliueleza ugonjwa huo na kuuita kiwiko cha Little League. Jina la ligi ya watoto likawa jina la ugonjwa!

Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria ilihesabu zamu alizorusha mtoto, wala si mipira. Zamu moja yaweza kuwa na mipira kumi au arobaini. Ni mwaka 2007 tu ambapo ligi ilianza kuhesabu mipira yenyewe. Leo mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kupita mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku nne.

La kushangaza ni kwamba sayansi ilipoitwa mapema, iliitwa kuwazuia wasichana. Mwaka 1972 msichana Maria Pepe alichezea timu ya Hoboken, New Jersey, mechi tatu kisha akaondolewa. Kesi iliposikizwa mwaka uliofuata, Creighton Hale, mkubwa wa ligi na mtaalamu wa elimu ya mwili, alidai kwamba mifupa ya wasichana ni dhaifu kuliko ya wavulana. Afisa aliyesikiza kesi, Sylvia Pressler, alikataa hoja hiyo. Mwaka 1974 mlango ukafunguliwa, na softiboli ya wasichana ikaanzishwa. Binafsi naona aibu kwa niaba ya taaluma yetu. Viwiko vya wavulana vilikuwa vikiharibika waziwazi, na mtaalamu akawa anahofia mifupa ya wasichana.

Majirani zetu wa Uganda wanaifahamu ligi hii vyema. Mwaka 2011 timu yao ilifuzu kwa fainali za dunia lakini ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa stakabadhi za umri. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Wengine huona cheti cha kuzaliwa kuwa usumbufu wa maofisa. Kwangu mimi ni kinga. Mvulana wa miaka 15 akiandikishwa kuwa na 12, anayeumia ni yule wa 12 wa kweli.

Hapa kwetu besiboli ni haba, lakini mazoea ni yale yale. Mtoto hukimbia mchujo asubuhi na fainali jioni, kesho yake achezee shule kandanda, kwa kuwa ndiye hodari. Hakuna anayemwekea hesabu. Mwalimu wa michezo akiwa na daftari la mahudhurio, ashindwe vipi kuwa na daftari la mbio na mechi za kila mtoto kwa wiki? Daftari hilo halihitaji bajeti ya wizara.

Nawe mzazi, maumivu yakikaa mahali pamoja zaidi ya wiki mbili, kiungo kikivimba, au mtoto akiamshwa usiku kwa kuumwa, mpeleke hospitalini apimwe. Usimchue kwa dawa ya dukani kisha umrudishe uwanjani Jumamosi.