JUMBA LA MTONI LIUZWAPO



Wako wasemao kwamba mwenye mali akiuza nyumba, amwuzie amtakaye, wala jirani hana neno. Sisi twaikataa hoja hiyo, na ushahidi wetu twautwaa Uingereza kwenyewe, ambako mali ya mtu huheshimiwa mno.

Kando ya mto Thames, huko Twickenham karibu na London, liko jumba jeupe liitwalo Marble Hill. Lilijengwa kati ya miaka ya 1724 na 1729 kwa ajili ya Bibi Henrietta Howard, hawara wa mwana wa mfalme aliyetawala baadaye kwa jina la George wa Pili. Katika mali aliyopewa bibi huyo zilikuwamo hisa za kampuni ya South Sea, iliyofanya biashara ya watumwa Waafrika. Basi mtu asidhani kuwa kuta zile hazituhusu.

Mwaka 1898 jumba na bustani zake zilinunuliwa na jamaa ya Cunard, mabwana wa meli. Nia yao ilikuwa kukata viwanja na kujenga nyumba nyingi. Mwaka 1901 kazi ikaanza. Watu wakapiga kelele, maana mandhari ya mto itazamwayo kutoka kilima cha Richmond ingepotea. Lakini hawakuishia kwenye kelele. Baraza la Kaunti ya London, mabaraza ya jirani na watu binafsi walichanga fedha, na mwaka 1902 wakainunua mali ile. Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuilinda mandhari hiyo. Mwaka 1903 bustani ikafunguliwa kwa watu wote.

Angalieni vema! Mwenye mali hakunyang'anywa kitu, alilipwa. Na umma ulipata eka 66 kando ya mto, ambamo hata leo maskini huingia bila kulipa senti.

Wako pia watakaosema kwamba bustani ni anasa, na fedha za umma zina kazi nyingine. Twawajibu: tajiri ana bustani yake, asiye nayo ndiye aihitajiye ya wote. Tena kiwanja cha mtoni kikishajengwa, hakirudi.

Kwa hiyo, ndugu, tangazo la jumba la mtoni likibandikwa popote, tusitosheke kunung'unika wala kuandika barua za malalamiko. Tuulize bei, kisha tuchange. Kidole kimoja hakivunji chawa.