Huru Si Bure

Wapo wasomi wetu wasiochoka kudai kwamba Kiswahili ni lugha maskini, haina maneno ya kubebea fikra za kisasa. Basi na watufasirie neno moja la Kiingereza lenye herufi 4 tu: "free".

Mtumwa aliyeachwa alikuwa huru. Dawa isiyolipiwa hutolewa bure. Mtu asiye na shughuli ana nafasi. Kiti kisichokaliwa ki wazi. Soko lisilobanwa na serikali tumeliita huria, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kikalichukua neno hilo kwa maana yake nyingine. (Juu ya "mashairi huru" nina ugomvi mrefu, hautoshei hapa.) Maana hizo zote Mwingereza huzirundika katika kikapu kimoja, kisha huhangaika kuzichambua. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mwaka 1985 taasisi ya kutetea programu za kompyuta zilizo "free", amelazimika miaka nenda miaka rudi kueleza kwamba hazungumzii bei, azungumzia uhuru. Wengine katika kundi hilo wameazima neno la kigeni, "libre", ili waeleweke. Sisi husema programu huria, yakaisha. Ni lugha ipi iliyopungukiwa?

Lakini kasumba haisikii. Mfasiri hufungua kamusi, akashika neno la kwanza alionalo. Ndipo tunaposoma katika kuta za ofisi: "Jisikie huru kuuliza." Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mswahili husema "Uliza tu," au "Usisite kuuliza." Mwananchi wa nchi iliyojitawala tangu tarehe 9 Desemba 1961 ajisikie huru kwa ruhusa ya karani? Neno hili katika pwani yetu lilimtenga mtu na bidhaa. Unguja hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922. Si neno la kupambia matangazo.

Baya zaidi ni "elimu ya bure". Bure kwetu ni kisicholipiwa, lakini pia ni kisicho na maana: kazi bure, mtu bure, amekufa bure. Serikali ilipoondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, ilisema "elimu bila malipo", na ilichagua vyema. Walioirudisha "bure" ni wasemaji wa majukwaani, waandishi wa habari na, kwa masikitiko, baadhi ya walimu. Mzazi akishaaminishwa kwamba shule ni ya bure, atadaije dawati? Nani hudai ubora wa kitu cha bure? Kumbe amekwisha kuilipia, kwa kodi iliyomo katika sabuni na mafuta ya taa anayonunua kila wiki.

Mwalimu wa Kiswahili akiikuta "elimu ya bure" katika insha, aikate kwa kalamu nyekundu. Amwambie mwanafunzi aandike "bila ada", kisha amwulize ni nani basi anayelipa mshahara wa mwalimu wake.