Tumehesabu Miti, Tumesahau Maji

Kwa mwenyeji wa Ufipa, mvua ya kwanza hutambulika kwa harufu kabla ya kuonekana kwa macho. Ardhi iliyokauka kwa miezi hulowa, na watu hufurahi. Katika saa hizo hizo udongo nao hupumua: vijiumbe vilivyolala kiangazi kizima huamka, hula mabaki ya majani na mizizi, kisha hutoa hewa ukaa nyingi kwa mkupuo. Maelezo ya kisayansi ya jambo hili yalitokana na kazi iliyofanywa hapa hapa Afrika Mashariki. H. F. Birch, mtafiti wa kituo cha Muguga nchini Kenya, alichapisha matokeo yake mwaka 1958, na hadi leo wanasayansi huliita kwa jina lake.

Namtaja Birch kwa sababu somo lake halijafika katika mijadala yetu ya biashara ya kaboni. Tunazungumza kana kwamba kaboni ni mali ya mti peke yake. Mti ni ghala. Ufunguo wa ghala uko mikononi mwa maji.

Ukishuka kutoka uwanda wa Ufipa hadi Kabwe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, unapita katika nchi ya miombo. Wakati wa masika majani hufyonza hewa ukaa na kuijenga kuwa mbao na mizizi. Kiangazi kikifika, mti hufunga vitundu vya majani yake ili kuokoa maji, hatimaye huyapukutisha. Ufyonzaji hupungua huku moto ukirudisha angani sehemu ya kilichowekwa. Hesabu ya mwaka hutegemea urefu na mtiririko wa mvua. Mvua ikichelewa, kisha ikaja kwa vipande, udongo hulowa na kukauka mara kwa mara, ukipumua kila unapolowa, ilhali mti haujapata siku za kutosha za kufidia.

Mabondeni mambo ni mazito zaidi. Ardhioevu hutunza kaboni kwa kuwa maji huzuia oksijeni kufika kwenye mabaki ya mimea, hivyo huoza polepole mno. Ni kweli kwamba hutoa pia methani, gesi inayopasha joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Lakini ukichimba mfereji na kulikausha bonde, akiba ya karne nyingi huanza kuoza na kupaa. Magharibi ya Kabwe, ng'ambo ya ziwa, ni Kongo. Mbali katikati ya bonde la mto huo, wanasayansi walikadiria mwaka 2017 kuwa mboji iliyo chini ya misitu ya kinamasi imehifadhi takribani tani bilioni 30 za kaboni. Kinachoilinda ni maji. Sisi tunayo Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000, ambayo maji yake huishia katika ziwa hili hili.

Sasa tuitazame sera. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wamepata mapato makubwa kwa kulinda msitu, nasi tunastahili kujifunza kwao. Tangu mwaka 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni. Hofu yangu ni moja: kijiji kinaweza kuulinda msitu kilimani kwa uaminifu, huku bonde lililo chini yake likikaushwa. Taarifa itasoma faida, ardhi itakuwa imepata hasara.

Hasara hiyo ni rahisi kupotea kati ya ofisi zetu. Maji ya Ufipa hugawanyika: yanayokwenda Ziwa Rukwa husimamiwa na bodi ya bonde iliyo Mbeya, yanayokwenda Tanganyika na ile ya Kigoma. Kaboni hufuatiliwa na kituo cha taifa kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake, na bado asiwepo wa kuziunganisha hesabu hizo.

Wala tusimgeuze mkulima kuwa adui. Anayeshuka bondeni baada ya mvua kumtupa shamba la juu anatafuta chakula cha wanawe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inamtaka akae mita 60 kutoka chanzo cha maji. Haimwambii atakula nini katika hizo 60. Mapato ya kaboni yangeweza kulijibu swali hilo, iwapo mikataba ingelihesabu bonde pamoja na msitu.

Kwa watumishi wa umma, naomba kila mkataba utaje chemchemi na mabonde, na kina cha maji ardhini kipimwe. Bomba lililotobolewa na kijana wa kijiji mwenye daftari vinatosha kuanzia. Kwa wanafunzi: vituo vinavyopima upumuaji wa ardhi barani Afrika ni vichache mno. Njooni mpime huku.

Na kwa wanaharakati, mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kupitisha mkataba wa miti, mmoja wenu asimame kabla ya sahihi aulize: na maji je?