Swali la Taa Tusilowauliza Wazamiaji

Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuwaongoza watalii wanaozamia kwa mitungi ya hewa, alifikishwa katika kliniki yetu ya masikio akiwa na kiwambo cha sikio la kushoto kilichotoboka. Faili lake lilikuwa limejazwa vizuri: maumivu makali, damu kidogo, kizunguzungu, kutapika mara tatu. Kilichosababisha hayo yote hakikuandikwa popote. Nilipomwuliza, alinijibu kwa maneno matatu tu: “Tochi ilizimika, daktari.”

Alikuwa kwenye kina cha mita 12 hivi, usiku. Taa ilipozimika hakuweza kusoma kipimo cha kina wala kuona mapovu yake mwenyewe, ambayo humwonyesha mzamiaji upande wa juu uko wapi. Akawa anashuka pasipo kujua. Mgandamizo wa maji ukaongezeka kwa kasi kuliko alivyoweza kusawazisha hewa masikioni, kiwambo kikapasuka, na maji baridi yakaingia katika sikio la kati. Hapo, kwa maneno yake, bahari nzima ikaanza kumzunguka.

Sisi wa masikio tunaelewa kwa nini. Mwili hujua wima na mlalo kwa njia tatu: viungo vya mizani vilivyomo katika sikio la ndani, macho, na hisia zitokazo kwenye nyayo, misuli na maungo. Majini mtu huelea, kwa hiyo nyayo hazina la kusema. Usiku, bila taa, macho nayo hunyamaza. Linabaki sikio peke yake, na hilo likipoozwa upande mmoja na maji ya baridi hutoa habari za uongo mpaka maji yale yapate joto la mwili. Aliyeko nchi kavu angekaa chini akashika ukuta. Aliyeko chini ya maji hana ukuta. Ana hofu, na hofu humsukuma apande mbio huku amezuia pumzi. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyomo mapafuni hupanuka mara mbili. Mzamiaji anayepanda hivyo aweza kupasuka mapafu, na mapovu ya hewa yakafika kwenye ubongo.

Ndiyo maana nashikilia kuwa taa ya mzamiaji ni kifaa cha afya. Wengi huinunua kama mtu anunuavyo tochi ya kwendea chooni usiku, na wauzaji huwasaidia kukosea. Chukua alama ya IPX7, ambayo huonekana kwenye tochi nyingi zinazosifiwa kuwa “haziingii maji”. Maana yake ni kwamba imepimwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, basi. Ni tochi ya mvua na ya mtumbwi. Kwa kuzamia, tafuta taa ambayo mtengenezaji ametaja kina chake kwa mita, na kina hicho kiwe kikubwa kuliko unakokusudia kufika.

Kuhusu ukali wa mwanga, naona kuna ushabiki usio na maana. Watu hushindana kwa lumeni. Katika maji yenye vumbi na vijidudu, mwanga mkali uliotawanyika hurudi machoni kama taa kali za gari ndani ya ukungu, na huoni kitu. Mwanga wa wastani wenye mwale mwembamba hupenya vizuri zaidi, nao hufaa kwa kupeana ishara na mwenzako. Pia jicho lililopigwa na mwanga mkali huweza kuhitaji hadi nusu saa kulizoea giza tena sawasawa. Humulikii uso wa mwenzio chini ya maji. Humulika mkono wako ili auone. Faida moja ya taa, hata mchana, husahaulika: maji humeza rangi nyekundu kwanza, hivi kwamba kwenye kina kirefu damu huonekana kama rangi ya kijani. Jeraha halitambuliki mpaka limulikwe.

Muhimu kuliko yote, ziwe mbili. Kwa fedha ya taa moja ya fahari, nunua mbili za kiasi, na ya pili ifungwe kifuani mahali mkono unapoifikia bila kutafuta. Zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kuzamia, na oringi ikaguliwe. Unywele mmoja au punje ya mchanga yatosha kupitisha maji. Taa iliyokwisha kuingia maji ya bahari ifunguliwe polepole, mdomo wake ukielekezwa mbali na uso, kwa kuwa betri iliyolowa chumvi huweza kuzalisha gesi na kuurusha mfuniko kama risasi.

Nitaambiwa kwamba vijana hawa hawana fedha. Ni kweli, lakini anayezamia kwa ajira ana mwajiri. Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na sioni kwa nini kofia ngumu ya fundi wa ujenzi ihesabiwe na taa ya mzamiaji isihesabiwe.

Kwa wenzangu wa zahanati za pwani: mzamiaji akija na kizunguzungu, msikimbilie vidonge vya kichefuchefu. Ulizeni kilianza lini, akishuka, akipanda, au baada ya kutoka majini, na kwa nini alipanda alivyopanda. Kilichoanza baada ya kutoka, hasa kikiambatana na ganzi, udhaifu wa miguu au maumivu ya maungo, huenda ni mapovu ya naitrojeni. Huyo apewe oksijeni mara moja na rufaa ipigiwe simu. Asipandishwe ndege ya kawaida bila ushauri wa mtaalamu. Na sikio lililotoboka lisitiwe matone kwa kubahatisha.

Kiwambo cha kijana yule kilijifunga chenyewe baada ya wiki kadhaa, kama vinavyofanya vingi. Alikuja kuniaga na taa mpya, nzuri kweli, ya mita 100. Nikamwuliza ya pili iko wapi. Akacheka. “Bosi amesema moja inatosha.”