Dereva Mkimbizi Afunguliwe Mlango wa Mtihani

Miongoni mwa mambo ambayo serikali na sisi wananchi wa kaskazini mashariki tumeyaacha yaende yenyewe kwa muda mrefu, bila ya kuyawekea taratibu wala kuyatolea kauli, mojawapo ni hili la leseni ya udereva kwa mtu aliyehamia nchini mwetu, na hasa kwa mkimbizi ambaye alikuwa dereva kwao kabla ya kuvuka mpaka. Huenda msomaji wa Nairobi au wa Mombasa akaliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili wino wa gazeti; lakini sisi wa Bura, ambao kambi ya Hagadera imo katika kaunti yetu ndogo ya Fafi, na ambao unga wetu, dawa zetu na wagonjwa wetu husafiri katika njia za mchanga wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika, tunajua kwamba swali la nani ashike usukani, na kwa idhini ya nani, ni swali la roho za watu. Rai yangu, nami naitanguliza ili ipimwe, ni kwamba mhajiri anayekaa nchini kihalali afunguliwe njia iliyo wazi, ya karibu na ya insafu, ya kufanya mtihani wa Kenya na kupata leseni ya Kenya. Asipewe leseni kwa huruma, wala asinyimwe mtihani kwa dhana.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, baada ya dola ya Siad Barre kuanguka mwezi wa Januari mwaka huo, nazo zilikusudiwa watu 90,000. Ukame wa mwaka 2011 ulipowasukuma wengine kuja, idadi ikapita watu 460,000. Katika umma huo waliomiminika kupitia Liboi na vichochoro vyote vya mpaka, walikuwamo wachungaji na wakulima, wafanyabiashara na walimu, na walikuwamo pia watu ambao maisha yao yote yalikuwa malori ya masafa marefu, watu wanaojua kusoma mchanga na kusikiliza injini, waliofika huku na ujuzi kamili mikononi lakini bila ya waraka hata mmoja, au wakiwa na waraka ambao ofisi iliyoutoa ilikwisha kuwa magofu. Wahenga wetu walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Nasi tumekaa na mgeni huyu zaidi ya miaka thelathini, amezaa na kuzika katika ardhi yetu, ilhali jembe lake, maadamu kazi yake ni udereva, tungali tumelifungia ghalani.

Sheria haimkatazi mkimbizi kuwa na leseni. Kinachomzuia ni mlolongo. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hapana mtu aendeshaye gari barabarani bila ya leseni ya aina ya gari lile. Na tangu kuundwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kwa sheria ya mwaka 2012, mwombaji hupita katika shule ya udereva, akatahiniwa mbele ya ule ubao wa mji wa mfano ambako husogeza kigari kidogo kwa mkono huku akieleza alama na zamu za njia panda, kisha akatahiniwa barabarani, na maombi yake yote siku hizi hupitia katika eCitizen. Kwa raia mwenye kitambulisho hii ni taklifu ya kawaida. Kwa mkimbizi, kila daraja ya ngazi hii ina kikwazo chake: kitambulisho chake cha ukimbizi huenda kikapokewa na karani huyu na kukataliwa na yule, kutoka kambini kwenda hata Garissa mjini, kwa miaka mingi, kumehitaji hati ya ruhusa, lugha ya mtihani si lugha aliyolelewa nayo, na akisema kwamba alikuwa na leseni kwao, huambiwa alete uthibitisho wa mamlaka iliyoitoa, yaani aombe hati kwa serikali ile ile ambayo kuanguka kwake, au kushindwa kwake kumlinda, ndiko kulikomfanya mkimbizi.

Wala tusidhani kwamba dhiki hii ya hati haikupata kufikiriwa na wenye hekima. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1966, una kifungu cha 25 kinachoeleza kwamba, pale mkimbizi anapohitaji msaada wa mamlaka za nchi asizoweza kuziendea, nchi iliyompokea imsaidie, impe yenyewe au imwezeshe kupewa zile hati ambazo kwa kawaida angepewa na mamlaka za kwao. Na kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba ada, ikiwapo, iwe ya wastani na ilingane na ile wanayotozwa raia kwa huduma kama hiyo. Hii si hisani ya kuombwa, bali ni ahadi ambayo taifa letu liliitia sahihi miaka mitatu tu baada ya uhuru, nayo ingali dhima juu ya shingo zetu.

Kadhalika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwezi wa Februari 2022, inatamka kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya halali na kushika ufundi wake, iwapo ujuzi wake umetambuliwa na mamlaka zinazohusika hapa nchini. Na fauka ya hayo inamruhusu mkimbizi anayetoka katika nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha kwa hiari hadhi ya ukimbizi ili afaidi manufaa ya Jumuiya hiyo. Somalia iliingia rasmi katika Jumuiya mwezi wa Machi 2024. Basi mtu huyu tuliyezoea kumwita mkimbizi sasa ni mwenzetu katika soko moja. Na ikiwa sheria imemwambia kwamba ufundi wake utaheshimiwa pindi utakapotambuliwa, ni wajibu wetu kumwonyesha mlango ambapo huo utambuzi hupatikana. Sheria inayotoa haki kwa sharti, kisha pasiwe na ofisi iliyo tayari kulitimiza sharti lile, imeitoa haki kwa ulimi tu.

Hapa sina budi kutaja msiba wa jirani wa mkimbizi, naye ni raia wa Kenya mzaliwa wa Fafi, Dadaab au Ijara. Wakati wa ukame wako wazazi waliowaandikisha watoto wao kambini ili wapate posho ya chakula na matibabu. Watoto wale walipotimiza umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zikawatangaza kuwa wakimbizi katika nchi ya babu zao. Jambo hili la kusajiliwa mara mbili limewaweka vijana wengi nje ya kila mlango wa rizki, na leseni ni mmojawapo, kwani asiye na kitambulisho hawezi hata kulianza ombi. Tamko la Rais la mwezi wa Februari 2025, lililotolewa Wajir, la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa upande wetu, lilipokewa kwa shangwe, na kwa haki. Lakini tamko lisipofuatwa na karani aliye tayari, kijana yule atabaki kuwa utingo wa kudumu, akilijua lori kuliko mwenye lori, asiruhusiwe kuliendesha.

Baada ya kuyasema hayo, nasema kwa mkazo ule ule kwamba mtihani usiondolewe. Katika mataifa manane ya Jumuiya yetu, Kenya, Uganda na Tanzania ndizo pekee zishikazo upande wa kushoto wa barabara. Somalia, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hushika kulia, na jirani yetu Ethiopia pia hushika kulia. Dereva hodari wa Kismayu, aliyezoea tangu ujanani kupisha kwa upande mmoja, akitahamaki usiku mbele ya taa za lori linalomjia, hufanya kile ambacho mwili wake umezoea, wala si kile ambacho akili yake imeambiwa. Ujuzi wake ni wa kweli, lakini umejengwa juu ya mazoea ambayo huku yanaua. Kwa hiyo kumtahini si kumdharau, bali ni kumhifadhi yeye na kuwahifadhi watoto wanaotembea kando ya njia kwenda shule. Na mwenye insafu hataona uzito kukubali, mradi tu mtihani uwepo na aweze kuufikia.

Ndivyo wafanyavyo wengine, nao hutufanyia sisi wenyewe. Uingereza humwachia Mkenya aliyehamia kwake aendeshe kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12, kisha humtaka afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani kama mwanafunzi mpya. Wala hatujasikia Mkenya mwenye akili akilalamika kwamba ametukanwa. Ujerumani, ilipopokea umati wa wakimbizi kutoka Shamu na kwingineko, iliongeza Kiarabu mwaka 2016 katika lugha za mtihani wake wa nadharia. Na katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako vijana wengi wa Dadaab walihamishiwa kabla ya mlango wa wakimbizi kufungwa mwezi wa Januari 2025, mtihani wa maandishi hufanywa hata kwa Kisomali. Na tuwafikirie basi ndugu wawili waliokulia Hagadera, mmoja akachukuliwa na ndege, mwingine akabaki: yule wa ng'ambo, katika nchi ya theluji asiyokuwa na nasaba nayo, hutahiniwa kwa lugha ya mama yake na kuondoka na leseni, huyu wa kwetu, ambaye jirani zake wanasema lugha yake, wanasali naye safu moja na huenda wakawa wamemwozesha binti yao, hajui hata ofisi ya kuanzia. Hili ni jambo la kutusikitisha.

Watakaonipinga watataja usalama, nami siwalaumu, kwani hakuna mtu wa Garissa aliyesahau tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo watu 148 waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini na tutafakari. Mwenye leseni ni mtu ambaye jina lake, picha yake na alama za vidole vyake zimo katika daftari la serikali. Asiye na leseni, ambaye anaendesha hivyo hivyo kwa sababu tumbo halisubiri, hupita usiku, huzunguka vizuizi kwa njia za porini, na akikamatwa hulipia njia kwa mkono wa pembeni. Ni yupi kati ya wawili hawa ambaye mlinzi wa usalama angependa awe barabarani? Kumnyima mtu mtihani hakumshushi garini, bali humwondoa machoni pa sheria.

Kisha liko jambo la ajali. Kwa mila na dini za watu wetu, damu ya mtu aliyeuawa bila ya kukusudia ina diya, na kwa desturi ya kale diya ya mwanamume ni ngamia mia, mzigo ambao wazee wa ukoo huugawana kwa nyumba. Utaratibu huu umezima fitina nyingi, nami nauheshimu. Lakini ukoo wa mkimbizi umetawanyika, nusu yake iko ng'ambo, na mzee wa kuitwa kikaoni hayupo. Sheria ya nchi, kwa upande wake, imelazimisha kila gari liwe na bima kwa ajili ya mtu wa tatu, lakini bima hiyo hutiwa tashwishi pindi inapobainika kwamba aliyekuwa akiendesha hakuwa na leseni. Matokeo yake ni kwamba mjane wa Bura aliyefiwa na mumewe barabarani hukosa diya na hukosa bima, akabaki na kesi isiyokwisha. Kwa hiyo nikitetea leseni ya mkimbizi, ninamtetea vilevile huyu mjane wetu.

Yanayotakiwa si makubwa. NTSA na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi watoe waraka mmoja ulio wazi, wa Kiswahili na wa Kisomali, utakaoeleza kwamba kitambulisho cha mkimbizi kinapokewa kwa ombi la leseni katika kila ofisi. Asiyeweza kuleta uthibitisho wa leseni ya kwao asirudishwe, bali apimwe ujuzi wake, na akionekana anajua, apunguziwe masomo ila asipunguziwe mtihani. Maswali ya nadharia yatolewe kwa Kiswahili, na pawepo mkalimani aliyeapa kwa asiyekijua. Watahini wafike Bura na Hagadera kwa siku zinazotangazwa mapema, na vijana wenyeji wa Fafi watahiniwe siku zile zile, ili mwenyeji asiseme kwamba mgeni ametangulizwa mbele yake. Ada iwe ile ile ya raia. Na kwa muda ambao ruhusa ya kutoka kambini ingali inahitajika, barua ya mtihani iwe ndiyo ruhusa.

Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa mwezi wa Machi 2025 kwa nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi yaliyoungana na wenyeji, unazungumza juu ya shule, hospitali na masoko ya pamoja. Nawaomba wabunge wetu, serikali ya kaunti na wazee wetu wauulize mpango huo, kwa sauti moja, nani ataendesha magari ya hayo masoko, na kwa hati gani. Nao madereva wakimbizi nawanasihi wasitafute njia za mkato, bali waudai mtihani, wajifunze upande wa kushoto, na waikubali hukumu ya mtahini hata ikiwa ya kushindwa, kwani leseni ya kununua haimhifadhi mtu. Serikali ifungue mlango na dereva aingie kwa sifa zake: hilo tukilipata, tutakuwa tumetimiza ahadi ya mwaka 1966, na barabara zetu zitakuwa salama zaidi kwa kila anayezipita.