Taka za Kampala zirudi shambani

Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi, linalopokea taka za Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya matoke na mabaki ya sokoni, yaani kaboni na naitrojeni ya mashamba ya Masaka na Mbarara, yanayoishia kutoa methani jaani. Mamlaka ya jiji ianze kutenganisha taka kwenye masoko ya Nakasero na Owino, iziozeshe ziwe mboji. Ila wakulima wasidanganywe: vitu vyenye kaboni nyingi, kama maranda, vikifukiwa shambani kabla ya kuoza, vijidudu huinyang'anya mimea naitrojeni kwanza. Mboji iliyoiva huitoa polepole, miezi kadhaa, na kaboni yake hushika maji. Plastiki, tafadhali, isiingie humo.